Nyumba ya Milango Miwili

Mvua ilishuka ghafla siku ya soko, na nusu ya watu waliokuwa Bomani wakakimbilia kibaraza kimoja cha duka la vitenge. Evodius alifika wa mwisho, shati jeupe limemganda mgongoni, ramani za nyumba zimeviringishwa kwapani.

"Kaka, wewe umejikinga, makaratasi yako yanaoga!"

Aligeuka. Msichana mrefu mwenye gauni la kitenge cha njano, tepu ya kupimia shingoni, alikuwa tayari anamnyooshea kipande cha nailoni.

"Asante, dada. Unapima watu hata kwenye mvua?"

"Napima wenye shida. Hilo shati lako mikono haifiki. Njoo Nkende, uliza fundi Editha."

Alikwenda kesho yake. Akashonewa shati, kisha jingine ambalo hakulihitaji, na baada ya hapo ikawa simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ugali. Nyie Wahaya mkikosa ndizi mnasema mmelala njaa."

"Nikikukosa wewe ndiyo nalala njaa."

"Mwongo mkubwa!" Editha alicheka, lakini simu hakuikata.

Shirika la Evodius lilikuwa likijenga Kenyamonta, kwa familia ambazo mto ulizibomolea nyumba na sasa ziliishi kwenye maturubai. Alipozieleza nyumba hizo, macho yalimng'aa. Tofali za udongo wa palepale, za kushindilia kwa mashine, ili miti isikatwe kwa ajili ya kuchoma tanuri. Msingi wa mawe ulioinuliwa juu. Mabati yenye mfereji wa kuvuna maji ya mvua. Na milango miwili, kwa sababu wazee walimwambia kwamba kwa Wakurya mkwe na mama mkwe hawabanani sebule moja. Editha alisikiliza, kisha akabadilisha mazungumzo.

Alikwepa pia kila Evodius alipouliza, "Wazee wangu waje kwenu lini?"

"Si sasa, Evo."

Tena kila Jumapili simu yake haikupatikana. Evodius alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia.

"Editha, kama una mtu mwingine niambie."

"Ndivyo unavyonijua?"

"Sikujui! Kwenu sipajui, Jumapili zako sizijui."

"Basi niache," Editha alisema. Simu ikafa. Wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Evodius alikonda, Editha alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua huku analia.

Kisha upepo uling'oa mabati kwenye nyumba mbili za mradi, na Evodius akaitwa Kenyamonta siku ya Jumapili, siku ambayo hakuwahi kufika huko. Alipomaliza kukagua, alipitia kumsalimu Mzee Nyamhanga, mmoja wa waliokuwa wakisubiri nyumba, ambaye alizoeana naye sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Umekuja leo? Vizuri, umwone binti yangu."

Nyuma ya turubai, kanga kiunoni na mikono imejaa povu la vyombo, alisimama Editha.

Mzee aliwatazama, akakohoa, akaenda kuangalia ng'ombe wake.

"Kwa nini hukuniambia?" Evodius aliuliza taratibu.

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yangu anasubiri nyumba yako? Ungedhani nakupenda kwa ajili ya nyumba. Na hao wazee wako, wangekaa wapi, Evo? Baba anainama ili aingie kwake. Nilitaka niolewe nikitoka kwenye nyumba, si kwenye turubai."

Evodius alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Nilidhani una mwanamume."

"Ninaye. Ana wivu na mikono mirefu."

Wote wawili wakacheka, na Editha akajifuta machozi kwa mkono wenye povu, akazidi kulia.

"Sikiliza, mpenzi. Wanakijiji walipiga kura ya zamu. Baba yako yuko karibu na mwisho. Siwezi kumsogeza mbele."

"Ungemsogeza, ningekuacha kweli."

"Basi nitasubiri."

Walisubiri. Mvua za masika zikapita, tofali zikakauka, kuta zikapanda. Mzee Nyamhanga alihamia kwake mahindi yakiwa yamekomaa, na Jumamosi moja gari lililotoka Bukoba likasimama uani. Wazee wanne walishuka, makoti yamekunjamana kwa safari. Editha alikuwa chumbani na gauni la samawati alilojishonea, sikio kwenye ukuta. Mama yake alipita mlango wa nyuma na chupa ya chai, bila kukutana na mtu.

Mzee Nyamhanga alisimama wima kwenye mlango wa mbele, kofia mkononi. Tangu mto umfukuze, kila mgeni alimpokea nje, juani.

"Karibuni," alisema, kisha akapaza sauti hadi majirani wakageuka, "karibuni ndani!"