Vidole vya Seleyian

Kila siku saa kumi, masomo yalipokwisha, kikosi cha huduma ya kwanza kilikutana nyuma ya madarasa, karibu na tangi la maji. Shule yao ilikuwa Kitengela, si mbali na barabara kuu. Vifaa vyao vilikuwa mbao mbili nyembamba, tai kuukuu za shule na mgonjwa. Mgonjwa alikuwa Seleyian siku zote, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote na hakujua kukataa.

Mbao hizo, zikifungwa pande mbili za mkono uliovunjika ili usitikisike, huitwa banzi. Mwaka uliopita, kwenye mashindano kule Kajiado, mwamuzi alivuta banzi la kikosi hiki, nalo likateleza kama soksi iliyochakaa. Wakawa wa pili. Nahodha wao, Mutheu, hakusahau aibu ile. Tangu siku hiyo alifunga mpaka mbao zisisogee hata kidogo. Seleyian akilalamika, kikosi kizima kilimcheka.

"Mgonjwa wetu halii," Mutheu alimwambia. "Anayelia haendi Kajiado."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na ilikuwa sheria mbaya.

Jumanne, siku tatu kabla ya mashindano, Mutheu alitaka mazoezi yafanane na ajali ya kweli. Akamwamuru Seleyian apande ngazi ya tangi, kisha ajiangushe kidogo.

"Naogopa, Mutheu," Seleyian akasema.

"Basi tutatafuta mgonjwa mwingine."

Seleyian akapanda. Kwenye kipandio cha nne mguu uliteleza, akaangukia mkono. Wenzake wakapiga makofi wakidhani anaigiza. Kisha wakauona mkono wenyewe, umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Mutheu alipiga magoti, akapanga mbao, akaanza kufunga. Kwenye kifundo cha mkono huo Seleyian alivaa bangili ya shanga aliyoshonewa na nyanya yake wa Ewuaso Kedong, nayo haikuwa ya kuvulika.

"Tuikate kwanza," Wakhungu, mmoja wa kikosi, alisema. "Mkono utavimba."

"Utanipotezea muda," Mutheu akajibu. Alifunga juu ya bangili, akakaza kwa nguvu zake zote, kisha akatazama saa. "Dakika mbili kasoro!"

"Vidole vimekufa ganzi," Seleyian akasema.

"Kila siku unasema hivyo."

Wawili watatu wakacheka. Seleyian akafunga mdomo.

Mwalimu Otiende, mlezi wa kikosi, alikuja mbio, akalitazama banzi. "Umeangalia vidole vyake?"

"Nimeangalia, Mwalimu," Mutheu akadanganya.

Mwalimu aliwapakia Seleyian na Mutheu kwenye gari lake, wakaelekea hospitalini. Malori ya kwenda Namanga yalikuwa yamefunga barabara, gari likawa linasonga hatua moja moja. Baada ya nusu saa Mutheu alikitupia jicho kiganja cha Seleyian. Kilikuwa kimevimba, na vidole vimeanza kuwa vya buluu. Alivigusa. Vilikuwa baridi.

Alijua maana yake. Alijua pia kwamba akisema, unahodha umekwisha. Basi akavua sweta lake, akakifunika kile kiganja ili Mwalimu asikione. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote aliyoyatenda siku ile.

Seleyian alimtazama, uso umemtoka jasho. "Sijalia," akanong'ona. "Bado nitaenda Kajiado?"

Mutheu alilivuta sweta kutoka kwenye kile kiganja.

"Mwalimu, simamisha gari!" alipiga kelele. "Nilidanganya. Sikuangalia vidole. Damu haipiti!"

Mwalimu aliegesha gari kando na kurukia kiti cha nyuma. Alilegeza tai zote, lakini bangili ilikuwa imezama ndani ya nyama. Mutheu alichukua mkasi kwenye mfuko wa huduma ya kwanza uliokuwa garini, akaupenyeza polepole, akakata. Seleyian alipiga yowe. Shanga zikamwagika sakafuni. Walikaa wakivitazama vile vidole hadi rangi ilipoanza kurudi, kimoja baada ya kingine.

Hospitalini, mkono ulipokwisha kutiwa plasta, muuguzi, Sista Mbeke, alimuuliza Seleyian, "Mbona hukusema vidole vimekufa ganzi?"

"Nilisema. Nikachekwa."

Sista alimgeukia Mutheu. Hakupandisha sauti. "Mngechelewa zaidi, angeweza kupoteza mkono huu. Na si kwa kuvunjika, bali kwa vile ulivyoufunga. Banzi linafungwa kwa ajili ya mgonjwa, si kwa ajili ya mwamuzi. Ukishafunga, bonyeza kucha, uone kama damu inarudi, umuulize kama anahisi. Halafu uamini anachokwambia."

"Ijumaa hatuendi Kajiado," Mwalimu Otiende akaongeza.

Sista alimsogezea kiti karibu na kitanda. "Kaa hapo mpaka mzazi wake afike. Kila baada ya dakika kumi, fanya nilivyokwambia."

Mutheu akaketi. Akabonyeza kucha ya kidole cha kwanza, ikawa nyeupe, kisha ikarudi nyekundu. "Unahisi?"

Seleyian alitazama kwanza huku na huku, aone kama kuna mtu atakayecheka.

"Nahisi," akasema. "Na inauma."

"Nimesikia," Mutheu akajibu, akashika kidole cha pili.