Picha ya Ukurasa wa Kumi na Moja

Kwenye ukurasa wa kumi na moja wa albamu palibaki tundu la mraba. Mzee Fabio Peguero, mtembeza wageni wa viwanja vya maonyesho vya La Feria, Santo Domingo, alikaa kwenye ngazi za ukumbi wa chemchemi iliyokauka zamani, albamu magotini, kama mfiwa.

"Niliipiga mwenyewe, mwaka hamsini na tano, siku za maonyesho," alimwambia Inspekta Eneida Batlle. "Maji ya hapa yalikuwa yakicheza na muziki, taa za kila rangi. Watu walishona nguo mpya waje kutazama maji tu, afande!"

"Picha ilionyesha nini?"

"Fundi bomba mmoja anacheka. Naipenda kuliko zote."

Eneida alikagua tundu. Kingo zilinyooka, bila mchaniko. Wembe, na mkono uliozoea.

Wageni sita wa asubuhi ile walikuwa bado kivulini, kila mmoja alikuwa ameishika albamu. Inspekta alifunua daftari la wageni. Jina moja lilijirudia mara nne mwezi huo: Zoraida Lantigua.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi. Uzi mweupe ulinasa kwenye mkono wa gauni lake.

"Wewe ni fundi cherehani, mama?"

"Ndiyo. Mtaa wa Villa Consuelo."

"Mara nne kwa mwezi mmoja. Unapenda sana kutembea."

"Napenda masimulizi ya mzee."

"Si ni yaleyale?"

"Wimbo nao ni uleule, mbona mnaurudia?"

Eneida karibu atabasamu. "Mkoba, tafadhali."

Zoraida aliukumbatia.

"Nikiufungua mimi, ni upekuzi. Ukiufungua wewe, ni maelezo. Chagua, mama."

Mkoba ulifunguliwa. Ndani mlikuwa na wembe wa kufumulia mishono, na picha iliyofungwa kwenye leso.

"Nimeiba," alisema Zoraida. "Andika. Huyu ni kaka yangu, Eligio."

Mzee Fabio aliinua kichwa.

"Mwaka uliofuata picha hii alimfanyia mzaha Mkuu, dikteta wa enzi hizo, kilabuni. Gari jeusi likaja, hatukumwona tena. Mama kwa hofu akachoma kila kitu chenye sura yake. Nilikuwa na miaka kumi. Miaka arobaini nimekaa nikijaribu kuikumbuka pua yake, afande. Pua tu! Nikashindwa."

"Sasa mbona hukuniomba, binti yangu?" Fabio aliuliza.

"Mara tatu nilikuja kuomba. Kuomba ni lazima nimtaje jina mbele za watu. Nyumbani kwetu jina hilo halikutajwa tena. Mkuu amekufa, najua. Ulimi wangu haujui."

Eneida alitazama fomu yake ya mashtaka.

"Mlalamikaji ni wewe, mzee. Unasemaje?"

"Nilalamike nini? Miaka yote nawaambia watu 'fundi mmoja'. Aliyemnyang'anya jina ni mimi." Aliichukua picha, akamrudishia Zoraida, akamshika mkono hadi walipokuwa wageni. "Jamani, ziara haijaisha. Huyu dada ana neno."

Zoraida aliangalia barabarani kwanza, kushoto, kulia. Kisha akaiinua picha.

"Anaitwa Eligio Lantigua," alisema. "Alikuwa akiimba vibaya, jamani. Vibaya mno!"

Wageni walicheka. Naye, machozi yakimtoka, alicheka.