Kipimo cha Pango

Kisa hiki alinisimulia rafiki yangu, mpima miamba, wiki ile aliyostaafu. Nakiandika kama alivyokisema.

Kwa miaka sita alizunguka na mume wa dada yake kwenye milima ya pwani, wakipima mapango. Milima ile zamani ilikuwa sakafu ya bahari. Hata kileleni kuna makombe yaliyogeuka mawe. Kanuni yao ilikuwa moja: mwenye utepe wa kupimia hutaja kipimo kwa sauti, mwenye daftari hukirudia, ndipo aandike.

Siku moja njaa ilimbana rafiki yangu, akaandika urefu wa pango kwa kukisia: mita kumi na mbili.

"Shemeji, umepima kwa tumbo?" mwenzake akamcheka, akachukua utepe na kurudi ndani peke yake. Paa la pango likaporomoka. Mwili haukupatikana. Nyumbani, rafiki yangu alimwambia dada yake kwamba mumewe alirudia taa aliyoisahau.

Miaka tisa baadaye alitumwa kukagua kifusi kilichoziba pango lile. Ilikuwa adhuhuri, hakuna upepo. Akafungua daftari la zamani na, kwa mazoea, akasoma kwa sauti: "Kumi na mbili."

Nyuma ya kifusi akasikia utepe ukiburutwa juu ya mawe, taratibu, kisha ukakazwa.

"Kumi na saba, shemeji. Andika."

Rafiki yangu alifariki mwaka jana. Dada yake yu hai, na bado huniuliza ni taa gani ile ya mtu kuifia.