Utani Nilioutumia Kushinda Kura

Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili, mkazi wa Wazo. Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta. Ndugu wasomaji, sikuporwa mume wala sikutapeliwa kiwanja... Nilimpoteza mtani wangu, Mbonea, tena kwa mdomo wangu mwenyewe!

Mimi ni Mchaga, Mbonea ni Mpare. Wanaojua utani wetu wanajua: tunatukanana hadharani na hakuna ruhusa ya kununa. Kila alipokuja kwangu alimwamkia mama yangu mzazi, niliyekuwa nikiishi naye. "Shikamoo mama. Siku ukifa, mie ndo nitasimama mlangoni. Jeneza halitoki mpaka nipewe mbuzi!" Mama alicheka hadi akakohoa. "Njoo na kamba yako," alimjibu, "maana najua ya kununua hununui!"

Mimi na Mbonea tulianzisha kikundi cha kujitolea. Tulichukua kompyuta kuukuu, tukaziwekea mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha bila kuununua, kisha tukazipeleka shuleni. Mimi nilikuwa mwenyekiti, yeye ndiye aliyekuwa fundi hasa.

Mgogoro ulianzia kwenye kitu ambacho mtumiaji hata hakioni. Ukiwasha kompyuta, kuna programu moja inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine zote, kama mama anavyoamka kabla ya nyumba nzima. Ya zamani tulikuwa nayo tangu mwanzo, na Mbonea aliijua mstari kwa mstari. Ya kisasa ilikuwa na kasi, na mifumo mingi mikubwa duniani ilishahamia huko. Ilibidi tuchague moja ya kuweka kwenye kila mashine.

Wiki moja kabla ya kura, Mbonea alikuja nyumbani. Hakuipinga ya kisasa. Aliomba tu tuijaribu muhula mmoja kwenye mashine kongwe. Nikamwahidi, mama akisikia, kwamba nitamuunga mkono.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na bosi wa kampuni moja ya Mikocheni. Walitaka kufadhili kikundi, mimi niwe msimamizi wa mradi, na gari juu! Ila walitaka programu ya kisasa, tena mara moja. Jamani, nani angekataa? Mimi sikukataa. Na Mbonea sikumwambia.

Tulikutana Kinondoni, kwenye darasa la kuazima. Kabla ya kupiga kura, Mbonea akasimama, akaeleza taratibu kwamba kompyuta za shule moja ya Kunduchi bado zina, kwenye orodha ya diski, jina la diski ya akiba iliyokufa zamani. Programu ya zamani ikiikosa hiyo diski, huipita na kuendelea. Ya kisasa itagoma. Aliomba muda wa kuzipitia moja moja.

Nikaona wajumbe wanaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikaona gari linaniponyoka! Nikainuka. "Jamani, huyu Mpare msimsikilize. Kwao hata kandambili iliyokatika anarithishwa mjukuu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikaongeza utani mwingine, na mwingine. Kila alipofungua mdomo nilimrushia mmoja, na kwa mila yetu angekasirika vipi? Akacheka pamoja nasi. Kura zikalingana, ikabaki yangu tu. Nikanyoosha mkono, ya kisasa ikapita. Akafunga laptopu yake, akatoka bila kuniaga... Nikajifanya sijaona.

Kunduchi tuliweka mfumo mpya siku moja kabla ya mtihani wa vitendo. Niliijaribu kompyuta ya mwalimu peke yake, kumbe hiyo haikuwa na lile jina la diski, ikawaka, nikaondoka zangu. Asubuhi mwalimu akanipigia. Kompyuta zote za wanafunzi zimegoma!

Nilifika jasho likinitiririka. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari nje. Ndani, kila kioo kilikuwa cheusi, na maandishi yakisema diski haionekani. Msimamizi wa mtihani akatazama saa, akasema atasubiri nusu saa, basi. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile... wapi! Dirishani binti mmoja akaanza kulia. Ningempigia nani, kama si yeye?

Alipokea mara moja. Hakuuliza kitu. "Fungua orodha ya diski," aliniambia. "Pale kwenye ile ya akiba, mwisho wa mstari, ongeza neno la kuiambia iendelee hata ikiikosa. Nakutumia kwa meseji."

Neno moja tu! Kompyuta zikawaka moja baada ya nyingine, ya mwisho zikiwa zimebaki dakika nne. Wanafunzi wakaingia.

Nikampigia tena, nacheka huku nalia. "Mpare wee, safari hii utanitoza nini?"

Akasema, "Hakuna, Mwenyekiti. Kazi njema."

Mwenyekiti! Tangu tujuane hakuwahi kuniita hivyo. Wiki ile ile akajitoa kwenye kikundi. Nilimwomba radhi mara nyingi, na kila mara alijibu kwa upole kwamba yameisha. Programu ya kisasa haina kosa, tunaitumia hadi leo. Na gari nililipata.

Mwaka huu mama yangu amefariki. Mbonea alikuja msibani, akanipa mkono. "Pole sana, Mwenyekiti." Akaenda kukaa viti vya nyuma na majirani.

Mbuzi nilikuwa nimeshamnunua, nimemfunga uani... Saa ya kuupeleka mwili Moshi ilipofika, nikamtazama. Jeneza likakaribia mlango. Moyoni nikamsihi: simama, Mbonea, tuzuie! Hakuinuka. Mama yangu akatoka nyumbani kwangu bila mtu wa kumzuia.

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Mtani wako anapoacha mzaha akaongea taratibu, nyamaza umsikilize. Usimchekeshee watu ili ushinde wewe. Na kama umeshakosa, wahi kumwomba radhi kabla hajaanza kukuita kwa cheo. Mimi nilichelewa. Mbuzi bado yuko uani, na wanangu wakiniuliza tutamchinja lini, naenda kumwongezea majani.