Uzao wa Kwanza wa Zimwi la Petro

Mwezi Juni mwaka 2001, shule zilipofungwa, Doris Lupakisyo aliamka kila siku kabla baba yake hajaanza kukohoa. Alifagia uwanja, akapika uji, kisha akaupeleka sokoni Kilosa, ambako baba yake alitengeneza baiskeli chini ya kipande cha turubai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sukari umetia?"

"Nimetia kidogo."

"Kidogo ndiyo haki yetu. Nyingine wanakunywa wale waliokula kiwanda."

Mzee Lupakisyo ndivyo alivyozungumza. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa, mabwana fulani walikabidhiwa wakitunze mpaka apatikane mnunuzi. Wakaitunza mitambo kwa kuifungua nati moja moja na kuiuza kama chuma chakavu. Wafanyakazi walipouliza, waliambiwa imeliwa na kutu. Mwaka uliofuata mke wake, mama yake Doris, akafariki. Tangu hapo mzee hakuona baya lolote asiliite kazi ya wakubwa. Tairi likipasuka, wakubwa. Panya wakitoboa gunia, wakubwa.

Kutoka hapo Doris alikwenda kwa dada Selestina. Dada huyu alikuwa na banda la mabati nyuma ya soko. Upande mmoja aliuza nguo za mitumba, upande wa pili aliweka televisheni na mashine ya gemu aliyoletewa na kaka yake kutoka Dar es Salaam. Mtoto aliyemletea ndoo mbili za maji alicheza nusu saa. Ndiyo maana banda lile halikukosa maji hata siku moja.

Gemu waliyoipenda watoto ilikuwa ya mazimwi. Maandishi yake hayakueleweka, lakini watoto waliielewa kwa vidole. Kila mchezaji alikuwa na chumba chake ndani ya mashine, na ndani ya chumba alifuga mazimwi, akichagua manne ya kikosi cha vita. Zimwi la moto liliunguza la upepo. La upepo lilibomoa la mawe. La maji lilizima la moto. Zimwi lisilofanyishwa mazoezi siku nyingi lilikonda na kupoteza nguvu, kama ng'ombe aliyesahaulika.

"Kikosi si mabavu," Selestina aliwaambia. "Angalia nani anaficha udhaifu wa nani. Ukijaza wenye nguvu wa aina moja, adui atakufagia kwa fagio moja."

Doris alilielewa neno hilo kuliko wote. Alikuwa na zimwi la moto, la upepo na mawili ya mawe. Alichokosa ni zimwi la maji. Hilo alikuwa nalo Petro peke yake, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja darasa la sita. Petro alililea tangu Februari, akaliita Mkondoa kwa jina la mto, kwa sababu lilipokasirika lilifurika skrini nzima.

Siku moja Selestina akatangaza jambo. Mwenye banda la gemu kule Mikumi, jina lake Hussein, alitaka shindano. Kila mji utoe mtoto mmoja mwenye kikosi bora. Mshindi angepata begi jipya la shule. Mchujo wa Kilosa ungefanyika baada ya wiki mbili, na shindano lenyewe Jumamosi ya wiki ya tatu.

Wiki hiyohiyo mama yake Petro alimchukua kwenda Kidete kuamia ndege katika shamba la mpunga la bibi yake. Petro alikuja bandani akiwa amenuna.

"Mkondoa atakonda," alisema. "Doris, nifugie."

"Kwa masharti gani?"

"Ya kuku. Akitaga, uzao wa kwanza wangu. Wa pili wako."

Hayo ndiyo yalikuwa mapatano ya mtaa wao. Mtu akikupa kuku wake umfugie, vifaranga vya kwanza ni vya mwenye kuku, vinavyofuata ni vyako. Kuku akifa, unamletea mwenyewe manyoya, aone kwa macho yake. Selestina alikuwa shahidi. Petro akamhamishia Mkondoa katika chumba cha Doris, akaenda zake Kidete.

Doris alimlea Mkondoa vizuri, hilo lazima lisemwe. Kila siku alibeba ndoo zake mbili na kumfanyisha mazoezi kabla ya mazimwi yake mwenyewe. Siku ya saba Mkondoa alikaa zizi moja na zimwi dume la mawe la Doris, akataga yai. Siku ya tisa yai likapasuka. Kikatoka kizimwi cha maji chenye ngozi ya mawe. Moto haukukiweza, na hata upepo, ambao hubomoa mawe, ulikipata kwa shida. Bandani hakikuwahi kuonekana kitu kama kile.

Doris alikitazama kwenye skrini. Alijua kilikuwa cha Petro. Lakini moyoni akajiambia, dume lililokizaa si langu? Nani aliyebeba maji? Petro yuko Kidete anarushia ndege mawe, hajui lolote. Akakiingiza katika kikosi chake mahali pa zimwi moja la mawe. Hakumwambia mtu.

Siku ya mchujo alimpiga Bonifas, kijana wa mtaa wa stesheni ambaye Doris hakuwahi kumshinda hata mara moja. Bonifas alishangaa.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Nimelea," Doris alijibu.

"Umelea au umeloga?" Watoto wakacheka. Selestina alimtazama kidogo, lakini mteja alikuwa akivuta suruali za mitumba, akageukia huko.

Alhamisi kabla ya shindano Petro alirudi, mweusi kwa jua, sauti imekauka kwa kufukuza ndege. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Doris akiwa na mfuko mdogo.

"Bibi amekutumia mchele mpya. Nilimwambia unanifugia." Akamkabidhi. "Mkondoa mzima?"

"Mzima. Amenenepa."

"Alitaga?"

Doris aliufunga mdomo wa mfuko, ingawa ulikuwa umefungwa tayari. "Alitaga moja. Lilikuwa viza."

"Aa." Petro alisikitika kidogo, kisha akacheka. "Angekuwa kuku ningekudai manyoya. Sasa yai la kwenye televisheni utanionyesha nini? Basi, kesho nitamchukua. Na Jumamosi nakuja Mikumi kukushangilia."

Akaondoka akipiga mluzi. Laiti angemshuku, Doris angekasirika, na hasira ingemsaidia. Petro hakumshuku hata kidogo.

Jioni ile Doris alipika mchele wa bibi yake Petro. Ulinukia mpaka jirani akauliza ni sikukuu gani. Mzee Lupakisyo alikula kwa furaha ambayo Doris hakuwa ameiona muda mrefu.

"Huu mchele umepikwa na mtu, lakini umelimwa na Mungu," alisema mzee. "Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu mchana sijaona umekula."

Doris alijaribu kuweka tonge mdomoni. Akalirudisha kwenye sahani. Machozi yakaanza kumtoka. Baba yake akaweka sahani chini.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna."

"Basi wewe ndiye umempiga mtu. Sema."

Akasema yote: masharti ya kuku, yai, kizimwi, mchujo, uongo wa viza. Mzee hakuielewa gemu, akauliza mara mbili kama zimwi lenyewe linaonekana kwa macho au la. Lakini masharti ya kuku aliyaelewa vizuri sana.

"Dume lilikuwa langu, baba," Doris alisema. "Nikaona na mimi nina haki."

"Jogoo hadai kifaranga. Hata jogoo mwenyewe anajua." Mzee akatazama wali uliobaki. "Wale wa kiwandani walikabidhiwa mitambo yetu. Tulipoidai wakasema kutu. Wewe umekabidhiwa, umedaiwa, umesema viza. Nimewatukana watu wale miaka mingapi mbele yako? Kumbe nilikuwa nakufundisha matusi tu, sikukufundisha kutunza. Na leo nimeshiba mchele wa mtoto uliyemwibia."

Doris angependa kuchapwa. Fimbo ingekwisha. Maneno yale hayakwisha, alilala nayo.

Asubuhi mzee hakufungua kazi. Alivaa shati lake la kanisani, wakaenda wote wawili mpaka bandani. Petro alikuwa amefika, na Bonifas, na watoto wengine watano wamekaa juu ya marobota ya nguo. Doris alitarajia baba yake aseme. Mzee akasimama mlangoni, akakunja mikono.

"Dada Selestina, shikamoo," Doris alianza. "Petro, yai halikuwa viza. Kile kizimwi nilichomshindia Bonifas ndicho uzao wa kwanza wa Mkondoa. Ni chako. Nilikificha."

Petro alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

"Jana uliniambia viza," alisema polepole. "Ukapokea na mchele."

"Ndiyo."

"Kicheche," Bonifas alisema. "Kumbe tuna kicheche mla vifaranga bandani, tunasingizia yai." Watoto wakaanza kuliimba neno hilo mpaka Selestina akapiga meza.

"Mimi nilikuwa shahidi," alisema Selestina, "na nilipoona zimwi lile nilitaka kuuliza, nikashikwa na biashara. Hilo ni kosa langu. Haya sasa. Petro, chukua Mkondoa na mwanawe. Mchujo umefutwa. Bonifas ndiye atakayekwenda kucheza, maana kikosi alichopigwa nacho hakikuwa halali. Doris, wewe utakuja Mikumi kunibebea marobota."

Petro alihamisha mazimwi yake. Doris alimwelekeza jinsi ya kukipanga kile kizimwi, chakula gani kinapenda, saa ngapi kinachoka. Petro alisikiliza, akafanya, lakini hakumtazama.

Jumamosi walipanda lori la mizigo mpaka Mikumi. Banda la Hussein lilikuwa kando ya barabara kuu, limejaa watoto wa pale. Walikuwa na maneno.

"Kilosa, mmekuja kwa treni au mmeisukuma?" mmoja aliuliza.

"Tumekuja kubeba begi letu," Bonifas alijibu, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba.

Kila upande ulicheza na mazimwi yaliyohifadhiwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, inayochomolewa kwenye mashine ya nyumbani na kuchomekwa kwenye nyingine. Bonifas alianza vizuri. Upepo wake ukabomoa mawe, mawe yake yakavunja jingine. Kisha mtoto wa Mikumi akatoa zimwi la moto, jekundu, lenye mkia wa cheche. Bonifas hakuwa na la maji. Doris, aliyesimama nyuma na robota kichwani, aliona mwisho kabla haujafika. Kadi ya Petro ilikuwa mfukoni mwa Petro, na sheria haikuruhusu kuchanganya mazimwi ya kadi mbili. Zimwi la moto likayaunguza mazimwi ya Bonifas, moja baada ya jingine. Begi likabaki Mikumi.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Watoto walikaa mbele ya lori, Doris akaachwa nyuma na marobota.

"Kama angesema mapema," Bonifas aliwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Petro mwenyewe angerudi kucheza. Au angemwazima Doris. Tatizo si zimwi, ni kicheche."

Hata Doris aliona ni kweli. Walipofika Kilosa, Petro alimsaidia kushusha robota la mwisho, kwa sababu lilikuwa zito kwa mtu mmoja.

"Petro, nisamehe."

"Nimesikia," Petro alijibu. "Julai narudi Kidete siku tatu. Mkondoa nitamwacha kwa dada Selestina." Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini Jumatatu tucheze. Unioneshe lile zizi ulimowaweka."

Doris alimsimulia baba yake yote hayo huku akimshikia gurudumu, naye akikaza spoki moja baada ya nyingine.

"Amekataa kuniachia tena, baba."

"Amefanya vizuri. Ungekuwa yeye ungefanyaje?"

"Nisingeniachia."

"Basi usimlaumu. Atakupa kidogo kidogo, kwanza neno, halafu kalamu, halafu kuku. Kazi yako ni kurudisha kila anachokupa kikiwa kizima." Mzee alizungusha gurudumu, akalitazama kama limenyooka. Lilikuwa bado linayumba, akalishusha tena magotini. "Nami nina la kujifunza. Kila siku nasema wakubwa, wakubwa, kama vile ni kabila lililokuja kutoka mbali. Mwanangu, ukubwa si kiti wala gari. Mtu akiweka kitu chake mkononi mwako akaondoka, saa ile wewe ndiye mkubwa. Ukikitunza, wewe ni mkubwa mwema. Ukikila, wewe ni wale wale ninaowalalamikia, ingawa una miaka kumi na miwili na huna viatu."

Doris alilishika gurudumu kwa nguvu zaidi, lisiyumbe. Mzee akaendelea kukaza.