Silinda ya Kushoto

Jioni ile nilipitia kwa kaka yangu na boksi la vifaa begani, nikijua nitamaliza kabla giza halijaingia. Kaka alikuwa ameomba jambo moja tu: asikie tena mlio wa pikipiki yake. Mtu aliyelala kitandani miaka na miaka, upande wote wa kushoto umekufa, mdomo umepinda, akikuomba mlio utamnyima?

Mkewe alinipokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Shemeji, hilo dude liache lilale. Limeshajifia."

"Pikipiki haifi, shemeji. Hukosa fundi tu."

Hakucheka. Kwa kawaida hunicheka hata nisipochekesha.

Pikipiki ilikuwa bandani, mbele ya dirisha la chumba cha kaka, imefunikwa turubai. Ni ya zamani, silinda mbili zimekaa bega kwa bega, kila moja na bomba lake la moshi. Haikuguswa tangu siku kaka alipoanguka. Alikuwa ameshaketi juu yake, mkoba umefungwa nyuma, anapiga kiki aende safari ya kikazi. Walimnyanyua pale pale. Daktari akasema ni kiharusi, nasi tukaridhika.

Mimi nina kanuni yangu. Injini isipowaka, imekosa kimoja kati ya vitatu: moto, mafuta au pumzi. Mengine ni porojo za mafundi wanaotafuta visingizio. Nikamwaga petroli iliyooza, nzito, inanuka kama rangi ya kucha. Nikasafisha kabureta, nikatia mafuta mapya, nikafunga betri niliyokuja nayo. Nikapiga kiki, nikapiga tena, jasho likanitoka.

Ikawaka.

Lakini kwa mguu mmoja, silinda moja tu. Pu... pu... pu... Nikalowesha kidole kwa mate nikagusa bomba la kulia. Tss! Moto. Nikagusa la kushoto.

Baridi. Wala si baridi ya chuma kilichokaa kivulini. Ilikuwa baridi ya mkono wa kaka, ule wa kushoto, ninapomshika kumsalimia.

"Inachechemea kama mwenyewe," kaka akasema kutoka ndani, kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Nikacheka, kicheko kikanikauka.

Nikazima. Nikavua kofia ya plagi ya kushoto. Chini yake, kwenye shingo nyeupe ya plagi, kulikuwa na uzi mweusi. Umezungushwa, umekazwa, umepigwa fundo juu ya fundo. Hakuna fundi anayefunga uzi pale. Nikakata mafundo, nikauzungusha mpaka ukatoka, nikauweka juu ya kifuniko cha boksi. Kisha nikafungua plagi nipime pumzi. Hupimwa hivi: unaziba tundu kwa kidole, unapiga kiki, pistoni ikipanda hewa inakisukuma kidole.

Nikaziba.

Sikuwa nimepiga kiki.

Hewa ikakisukuma kidole changu. Ya uvuguvugu. Ikaacha. Ikakivuta. Ikasukuma tena... taratibu... kama mtu aliyelala. Ikanijia harufu ya dawa ya kuchua, ileile anayopakwa kaka kila jioni.

Nikarusha mkono nyuma. Niliogopa, sioni haya kusema. Lakini ndani kaka aliita, kwa sauti iliyonyooka ambayo sikuwahi kuisikia tangu siku ile:

"Mdogo wangu! Vidole vyangu vinacheza! Vya kushoto!"

Ndugu gani angeacha pale? Nikarudisha plagi. Kiki moja tu. Silinda zote mbili zikanguruma, banda likajaa moshi, na dirishani akasimama kaka. Amesimama! Kwa miguu yake miwili, kikombe cha maji mkono wa kulia, mdomo umenyooka. Machozi yakanitoka.

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Hakumtazama mumewe. Aliutazama uzi.

"Ni mimi," akanong'ona. "Hakuwa na safari ya kikazi. Alikuwa ananiacha. Nilikwenda kwa mganga nikamwambia isiondoke. Pikipiki. Ikilala siku mbili tatu hasira zitampoa, basi. Mganga akasema nitamke mwenyewe wakati nafunga. Nilikuwa nalia, shemeji. Nadhani nilisema asiondoke."

Herufi moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kaka alikuwa ndiye anayezifua nguo zenyewe. Nilitaka kumtukana, nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja. Sikupata nafasi ya lolote.

"Mkoba wangu uko wapi?" kaka aliuliza pale dirishani. "Mdogo wangu, nifungulie geti."

Mkubwa akikutuma, unakwenda. Geti lilikuwa limeshika kutu, nikahangaika na komeo nikiwa nimewapa mgongo. Nyuma yangu, katikati ya mngurumo, nikasikia mtu akinong'ona, na neno la mwisho likanifikia nusu:

"...siondoke."

Herufi ya kwanza ilimezwa na injini.

Pu... pu... pu...

Nikageuka. Shemeji alikuwa amechuchumaa upande wa kulia wa pikipiki, mikono yake kwenye plagi. Juu ya kifuniko cha boksi hapakuwa na uzi.

"Safari hii nimesema vizuri," akaniambia. "Nimesema i. Haki ya Mungu, shemeji, nimesema i."

Nikarudi mbio. Nikatafuta mate mdomoni, yakapatikana kwa shida. Bomba la kushoto: tss! Nikagusa la kulia, lile ambalo muda mfupi tu uliopita lilikuwa linaunguza.

Baridi.

Ndani, kikombe kikaanguka.

Kaka alikuwa bado dirishani, amening'inia kwenye nondo kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kuniita. Mdomo ulikuwa umepinda tena.

Upande wa pili.