Sekunde Nane za Kuluthum

"Singapore nane," sauti ilisema kwenye simu. "Frankfurt nane. Sao Paulo nane. Nakuru moja."

Nerima Sitati alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la banda la samaki pale Kamere, ufukweni mwa Ziwa Naivasha, darubini ya Nikon machoni, akiivizia mashua iliyosemekana kubeba bunduki. Hadi saa hiyo ilikuwa imebeba kambale na mlevi mmoja.

"Rudia Nakuru, Madam."

"Moja. Tangu Jumanne."

Nerima alishuka paani bila kuuliza lingine.

Gari lake lilikuwa Probox nyeupe, kwa sababu hakuna Mkenya anayegeuka kuangalia Probox nyeupe. Chini ya kiti kulikuwa na Glock 19. Kwenye dashibodi, simu ya Samsung iliyokuwa wazi kwenye tovuti ya kuuza miche ya parachichi.

Tovuti yenyewe ilikuwa aibu. Picha zenye ukungu, bei za mwaka juzi. Hakuna mche hata mmoja uliowahi kuuzwa pale, maana ilikuwa mali ya Idara ya Ujasusi. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na nafasi ya mteja kuandika maoni, na maoni hayo yalisomwa Nairobi nyuma ya milango miwili ya chuma.

Ukurasa ulichelewa makusudi. Popote ulipo duniani, sekunde nane. Mdadisi huchoka, akaenda kutafuta parachichi kwingine.

Na ili kujua kama mkono wa mtu umeingia katikati, Idara ilikuwa imetawanya viboksi vya kupimia katika miji kadhaa, kuanzia Singapore hadi Nakuru. Kazi yake ilikuwa moja tu. Kufungua ukurasa, kupima muda, kuripoti. Ukichelewa kupita kawaida, kuna anayechungulia njiani.

Kuhusu ukurasa kuwahi, hakuna aliyewahi kufikiria. Vijana wa zamu walipoona Nakuru imeshuka hadi sekunde moja, walipongezana. Hii ni nchi ambayo mtu akipata intaneti ya kasi hashtaki, anamshukuru Mungu na kuanza kupakua.

Chelagat, mkuu wao, ndiye peke yake ambaye hakufurahi.

"Ukurasa wetu hauwezi kufika kabla hatujauachilia," alisema kwenye simu wakati Nerima akikata kona kuelekea mjini Naivasha. "Hiyo si page yetu. Kuna mtu ametengeneza ingine, akaiweka karibu."

Nerima hakuhitaji kuambiwa nani angeifungua.

Kuluthum.

Kuluthum alikuwa karani katika ghala la mbolea, eneo la viwanda mjini Nakuru. Mjane, mabinti wawili, Kiswahili cha bibi yake wa Lamu na ucheshi wa Nakuru. Tajiri wa ghala alikuwa mgeni aliyejiita Radek, na chini ya magunia ya mbolea alikuwa ameficha vilipuzi vya kutosha kung'oa mabomba yote ya mitambo ya umeme wa mvuke ng'ambo ya Naivasha. Mzigo ulikuwa unatoka leo. Njia utakayopita, hakuna aliyeijua ila watu wa Radek, na Kuluthum aliyeandika hati za dereva.

Radek alijua kuna anayevujisha habari. Hakujua ni nani. Alichohitaji ni mtu huyo aandike mara moja tu mbele ya macho yake.

Na leo ilikuwa Ijumaa.

Kila Ijumaa wanaume wa ghala huenda msikitini, na ofisi humbakia Kuluthum. Ndipo hufungua tovuti ya parachichi. Kumpigia simu haikuwezekana, kwani simu za wafanyakazi zilichukuliwa langoni kila asubuhi. Kuvamia nako hakukuwezekana. Ghala lilikuwa limepakana ukuta kwa ukuta na nyumba za wafanyakazi wa kiwandani, watoto wanacheza kibarazani, na Radek hakuwa mtu wa kusita kubonyeza kitufe.

"Omolo yuko wapi?" Nerima aliuliza. Omolo alikuwa mwenzake wa miaka mingi, fundi wa viboksi vyote vya Kenya.

"Kisumu. Ni mgonjwa tangu wiki iliyopita."

Naivasha, akafungua ukurasa. Nane.

Gilgil, nane. Lanet, nane. Ukurasa ulijikokota ulivyotakiwa kujikokota, na kila mara Nerima aliona nafuu ambayo haikudumu.

Akaingia eneo la viwanda na kuegesha nyuma ya duka la kutengeneza simu, lililotazamana na lango la ghala. Hapo ndipo kiboksi cha Nakuru kilipowekwa, kwenye waya uleule wa intaneti uliopitia hapo dukani kwenda ghalani. Akaunganisha simu yake na waya huo, akagusa ukurasa.

Ukafunguka kabla hajapepesa macho. Miche ileile. Bei zilezile. Kila kitu mahali pake, na mwili ukamsisimka kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani mwake.

Mwenye duka, msichana aitwaye Fancy, alikuwa akibadilisha kioo cha Tecno. Aliijua Idara kama kampuni ya intaneti iliyomlipia kodi ya kona moja.

"Sasa, Fancy. Nimekuja kucheki boksi."

"Tena? Si huyo jamaa wenu alikuja Tuesday akaifanyia service."

"Jamaa gani?"

"Omolo. Alikuwa poa tu. Alininunulia hadi soda."

Omolo, mgonjwa wa Kisumu.

Nerima alichuchumaa kwenye kona, akabandua kibandiko kipya chenye sahihi aliyoijua vizuri kuliko yake mwenyewe, akachomeka waya wa simu yake. Hakuhitaji kutafuta sana. Ukurasa wa bandia ulikuwa ndani ya kiboksi chenyewe. Omolo alikuwa amekosa mahali pengine pa kuuficha karibu na ghala, akaupakia kwenye chombo ambacho hakuna mtu angekishuku. Ila alikiacha kiendelee kupima, kwa sababu kikinyamaza Idara ingekuja mbio. Kwa hiyo kiboksi kikaendelea na kazi yake kwa uaminifu. Kikaupima ukurasa uliokuwa tumboni mwake, kikaripoti Nairobi kwamba uko karibu sana.

Moyo ulimuuma. Omolo alikuwa amebeba jeneza la baba yake Nerima kule Kimilili, akiwa na suti ya kuazima. Na mtu huyo huyo, hata kama hakulijua jina lake, alikuwa amemuuza Kuluthum.

Simu ikatetema. Kwenye kioo chake, mstari mmoja ukawaka.

Kuna mtu amefungua ukurasa.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya lango lile, Kuluthum alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Ghorofani juu yake, Radek alikuwa na kompyuta nyingine, akingoja neno la kwanza.

"Fancy. Zima main switch."

"Nini?"

"Stima. Zima yote."

Fancy alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakikuhitaji maelezo. Akazima.

Duka likawa giza. Kiboksi kikafa. Kwenye ofisi ya ghala, ukurasa ulikatika ukiwa katikati, na Nerima akabaki kuomba Kuluthum awe anakumbuka walichokubaliana kilioni kwa jirani, wakiosha sufuria pamoja. Ukurasa ukikatika, usijaribu tena. Acha kila kitu, hata mkoba. Toka.

Lango la ghala likafunguka.

Hakuwa Kuluthum. Alikuwa askari wa Radek, kifua wazi kwenye vesti, redio ya Motorola mkononi na kitu kizito kiunoni. Alivuka barabara moja kwa moja hadi dukani.

Nerima akajibanza chini ya meza, Glock ikielekea magoti ya yule mtu.

"Niaje. Mbona net imepotea?"

"Stima imeenda, boss," Fancy alisema, kwa uchovu wa mtu aliyesema neno hilo maisha yake yote.

"Huko kwetu iko."

"Nyinyi mko kwa line ya kiwanda. Sisi huku ni hivi tu. Inaweza rudi saa hii, inaweza rudi Monday."

Viatu vya askari vilisogea hatua moja kuelekea kona. Nerima alivuta pumzi na kuizuia. Akipiga risasi, Radek atasikia, na watoto wa kibarazani watalipia.

Redio ikakoroma. Askari akaiweka sikioni. "Ni stima, mzee," akasema. "Kwa hawa wa simu. Ngoja irudi."

Akaondoka. Mtu yeyote angeondoka. Hakuna anayechunguza kupotea kwa stima.

Fancy alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kisha lango likafunguka tena, kidogo tu, na mwanamke mwenye buibui jeusi akatoka. Mikono mitupu. Alitembea taratibu kama anayeenda kununua ndimu, akampita askari, akavuka barabara. Alipopita mbele ya duka hakugeuka, lakini Nerima aliona midomo yake ikisoma dua. Alipinda kwenye kichochoro cha nyuma ya duka, ambako Probox aliyoijua ilikuwa haijafungwa mlango.

Nerima angeweza kuondoka hapo hapo. Uhai mmoja ulikuwa umeokoka. Lakini vilipuzi vilikuwa bado ng'ambo ya barabara, na Radek akigundua karani wake hayupo, angejua kila kitu.

Akampigia Chelagat kwa kunong'ona.

"Madam, nataka watu Gilgil. Wote ulio nao. Na jeshi, kama watakubali kutoka kambini."

"Mzigo unapitia Gilgil?"

"Bado. Naenda kuupitisha."

Akamwashiria Fancy. Stima ikarudi.

Kiboksi kikawaka. Ukurasa wa bandia ukafunguka kwenye simu ya Nerima kwa kasi ile ya kutisha. Akashuka hadi kwenye nafasi ya maoni, akaandika, akijua kwamba kila herufi ilikuwa inasomwa ghorofani:

"Mzigo unatoka leo kupitia Subukia. Leteni watu wote huko. Waondoeni Gilgil haraka."

Njia yoyote aliyokuwa amepanga Radek, sasa Gilgil ingeonekana salama. Halafu palikuwa na mahali pa jina.

Radek hangeridhika bila jina. Akiandika la mfanyakazi yeyote, mtu huyo hatafika jioni. Akiacha wazi, watamtafuta karani aliyetoka bila mkoba.

Nerima alitazama kibandiko kilichokuwa kimekwama kwenye kidole chake.

Akaandika: Omolo.

Akabonyeza tuma. Hakujisikia shujaa. Alijisikia vibaya, na hata hivyo angeandika tena.

Hazikupita dakika nyingi. Injini ya Isuzu ikanguruma nyuma ya lango. Kelele za amri. Radek akatoka mwenyewe mbele, kwenye Hilux nyeusi, simu sikioni, uso mwekundu. Lori likamfuata, limefunikwa turubai. Kwenye njia panda likasita, kisha likaelekea barabara kuu.

Gilgil.

Nerima aliwafuata kwa mbali, Kuluthum ameinama kiti cha nyuma. Probox nyeupe miongoni mwa Probox nyeupe nyingine. Hakuna aliyegeuka.

Kabla ya kufika kambi ya jeshi kuna mahali ambapo barabara ina uwanda mtupu pande zote, hakuna nyumba, hakuna kibanda. Chelagat alipachagua vizuri. Mkanda wa misumari ulitupwa barabarani mbele ya Hilux. Magurudumu yakapasuka. Wanajeshi wakainuka kutoka kwenye majani pande zote mbili. Dereva wa lori alitoka na mikono juu kabla hajaambiwa. Radek aliingiza mkono ndani ya koti na kukuta mtutu wa bunduki umeshatua shingoni mwake.

Mwanajeshi mmoja akafunua turubai, akainua gunia la kwanza la mbolea, akatazama chini yake. Akalirudisha polepole sana na kusogea nyuma.

"Alhamdulillahi," Kuluthum alisema. Kisha machozi yakamtoka. "Wanangu wako shule, dada."

"Kuna mtu wetu ameshawachukua. Utawaona leo hii."

Nerima alishuka kunyoosha miguu. Simu yake ikalia. Namba aliyoijua kwa moyo.

"Nerima." Omolo alikuwa anahema. "Wananitafuta. Watu wa Radek waliobaki. Wanasema nimewachezea. Sijui wametoa wapi hiyo story. Niko Nakuru, lodging ya nyuma ya stendi, chumba cha mwisho. Nimesikia mtu kwa corridor. Njoo unitoe, tafadhali. Tutaongea kila kitu."

Kwa kidole gumba Nerima alimwandikia Chelagat jina la mahali hapo, na Chelagat akajibu kwamba gari la polisi liko stendi tayari, litafika mara moja. Omolo angeishi. Angeishi muda mrefu, katika chumba chenye mlango wa chuma.

Lakini hilo hakumwambia.

"Nerima? Uko hapo? Unakuja?"

Alimwangalia Kuluthum akijifuta uso kwa ncha ya buibui, mwanamke aliyeponea kati ya sekunde moja na nane.

"Subiri, Omolo," alisema. "Page bado inafunguka."

Akakata simu, akairudisha mfukoni, na kutembea kuelekea kwenye gari.